Linapanda Kinyumenyume

Mwanamume akikuambia jambo haliwezekani, muulize kwanza ni nani atakayepata hasara likiwezekana. Ragna hakuuliza. Torkel, mumewe, alimwambia gari halipandi Kilima cha Rustad, naye akaamini, akaendelea kuamini mwaka mzima na ushee, mpaka Jumamosi ile ya Oktoba ambapo Oluf aliingia jikoni kuomba kahawa.

Gari lenyewe lilikuwa Ford, lile Modeli T ambalo siku hizo lilikuwa limezagaa Wisconsin kama kuku. Zamani gari lilikuwa la daktari na mwenye benki. Halafu likaja hili, jeusi, la miguu mirefu, bei yake inashuka kila mwaka, na mara hata mkulima mwenye tope mpaka magotini akawa anapiga honi mbele ya kanisa. Likiharibika unalifunga waya, unalipiga nyundo, linakwenda. Watu walilibandika jina la Lizi, wakalitukana kutwa, na ukisema utaliuza wanakuona mwendawazimu.

Nyumbani kwa Torkel liliingia kwa kinanda. Ragna alikuja nacho siku ya ndoa, kinanda cha kukanyaga kwa miguu, urithi wa baba yake. Torkel alimjia taratibu, sauti imejaa asali. "Mke wangu, kinanda hakikufikishi kwa Signe. Gari litakufikisha. Unaondoka Jumapili asubuhi, unarudi kabla ya kukamua." Hapo ndipo alipomnasa. Signe alikuwa mdogo wake wa pekee, ameolewa kule juu mgongoni mwa milima, maili kumi, na ng'ombe wa maziwa hawajui Jumapili. Wanakamuliwa asubuhi, wanakamuliwa jioni, na katikati hapo miguu ya mtu wala ya farasi haifiki kule ikarudi kwa wakati. Na mkamuaji alikuwa Ragna peke yake. Torkel alikuwa Mnorwe wa zamani. Kwao kukamua ni kazi ya wanawake, na ingawa majirani wote walishaacha upuuzi huo tangu walipovuka bahari, yeye aliushika kama kitabu cha sala. Basi Ragna akauza kinanda. Torkel akauza na farasi jike wa kuendea safari, maana gari likiwepo, farasi wa nini?

Jumapili ya kwanza wakatoka, Ragna na kofia yake mpya. Kwenye Kilima cha Rustad gari likakohoa, likafika kama theluthi ya mlima, likazimika. Wakarudi chini, wakajaribu tena, likazimika palepale. Torkel akashuka, akavua kofia, akatikisa kichwa kama mtu aliyefiwa. "Basi, mke wangu. Kilima kimelishinda." Jumatatu akalitia jeki gurudumu moja la nyuma, akalizungushia mkanda, mkanda akaupeleka kwenye msumeno wa mviringo, na tangu siku hiyo gari la kumpeleka Ragna kwa dada yake likawa mashine ya kupasulia kuni. Kila Ijumaa alifunga msumeno nyuma ya gari akaenda kupasulia watu kuni huko bonde la mtoni, au ndivyo alivyosema. Kiti cha nyuma alikwisha kuking'oa akakitupa ghalani, na kuku wakataga humo.

Ragna alinyamaza, na kunyamaza kwake kulikuwa na sababu. Mara ya mwisho alipoonana na Signe ilikuwa kwenye mazishi ya mama yao, na waligombana mbele ya watu juu ya pini ya fedha ya marehemu, ile ya kubana kifuani, yenye visahani vidogo vinavyolialia mtu akitembea. Signe aliichukua. Ragna akasema neno moja baya, Signe akajibu mawili. Jumapili ile ya kofia mpya ndiyo ingekuwa Jumapili ya kupatana. Baada ya hapo Signe hakuleta hata salamu, naye Ragna akajiambia, sawa, na akae na fedha yake.

Sasa Oluf. Oluf alikuwa jirani wa Signe kule juu, mtu asiyeteremka bondeni ila kwa shida, na shida yake siku hiyo ilikuwa dume la nguruwe la kununua. Alikaa mezani, akajimiminia kahawa, akapaka siagi kwenye mkate mwembamba wa viazi, akaukunja.

"Shemeji," alisema, "ninyi watu wa bondeni mna roho ngumu jamani."

"Tumekukosea nini tena?"

"Mimi? Mimi sina langu. Lakini mdogo wako anahamia Kanada leo, yeye na mumewe, treni ya saa nane mchana, stesheni ya kule kwetu juu, na hukuja hata kumwambia nenda salama."

Ragna aliweka birika chini. "Nani anahama?"

"Signe! Vitu vyote wameshauza. Hukuambiwa?"

"Ningeambiwa na nani, Oluf? Nami ningefikaje huko? Gari halipandi Rustad."

Oluf alicheka mpaka makombo yakamtoka. "Halipandi? Acha mzaha, shemeji. Torkel si anakipanda kila Ijumaa! Watoto wa shule wanamngojea barabarani wamshangilie. Kule tunamwita Torkel Matako Mbele."

"Unasemaje?"

"Si anakuja kinyumenyume! Tangi la mafuta liko chini ya kiti, sivyo? Mafuta yanateremka yenyewe kwenda kwenye injini. Ukielekeza pua juu, injini inakuwa juu ya tangi, na mafuta si mbuzi, hayapandi mlima. Ukigeuza gari ukapanda kwa rivasi, tangi liko juu, mafuta yanashuka, unapeta. Na rivasi ina nguvu kuliko gia zote. Hata bibi yangu anajua hilo, Mungu amrehemu."

Ragna alisimama na kitambaa cha birika mkononi. "Huko juu anafanya nini?"

"Anapasua kuni. Kwangu amepasua. Kwa mchungaji amepasua. Kwa Signe..."

"Kwa Signe?"

Oluf alimtazama usoni, na alichokiona hakikumpendeza. "Uf da," akaguna kwa Kinorwe, akaacha kahawa nusu kikombe, akakumbuka ghafla kwamba nguruwe wake hapendi kungoja.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya Torkel ilikuwa ndefu, tena ya kupanda, na kila Ijumaa ameipita akishangiliwa na watoto. Ragna alitoka uani bila koti. Msumeno ulikuwa unalia, vumbi la mbao limemjaa Torkel kwenye masharubu. Hakumwita. Alikwenda moja kwa moja kwenye gari, akazima injini. Msumeno ukalalamika kidogo, ukanyamaza.

"We mwanamke, una nini?"

"Signe anahama leo."

Torkel alipangusa masharubu, polepole mno. "Nani kakwambia?"

Ona jibu hilo! Mtu asiye na hatia angeuliza anahamia wapi.

"Ulijua," alisema Ragna. "Umekula kwake. Umepasua kuni zake, umekaa mezani pake, umerudi hapa umelala kitandani pangu na mdomo umeufunga!"

"Usipige kelele, Oluf atasikia."

"Oluf ndiye aliyenipa habari, Matako Mbele wee! Teremsha gari hilo, unipeleke stesheni."

Uso wa Torkel ulikuwa mwekundu mpaka masikioni. Jina lile, lililokuwa la huko juu tu, leo limeteremka bondeni. "Sina nafasi. Nina magogo haya yote na theluji inakuja. Mwandikie dada yako ukipenda."

Ragna aliutupa mkanda chini. Akachuchumaa, akalegeza jeki, gurudumu likagusa ardhi. Torkel alikunja mikono akatabasamu.

"Haya. Nani atakuzungushia hendeli?"

Sasa huyu bwana alikuwa amesahau jambo moja. Kila siku alipoliwasha gari, yeye alizungusha hendeli mbele na Ragna alikaa kitini kushika vijiti viwili vya usukani, cha cheche na cha mafuta, kwa sababu Torkel hakupenda kukimbia huku na huku. Kwa hiyo Ragna alijua. Kijiti cha cheche alikisukuma juu kabisa, maana ukikiacha chini hendeli inarudi kwa ghadhabu na kuuvunja mkono. Akaenda mbele, akashika hendeli kwa mkono wa kushoto, kidole gumba hakukizungusha, akavuta juu. Kimya. Akavuta tena kwa hasira ya kinanda, na ya kofia mpya, na ya kiti kinachotagiwa mayai ghalani. Lizi akapiga chafya, akaamka.

"Utaliangusha korongoni!" Torkel alipiga kelele. "Hujawahi kupanda mlima!"

"Nimepanda nini mwaka mzima kama si mlima?" alijibu Ragna, na gari likatoka uani na vumbi lake la mbao.

Barabara inazunguka bwawa la matete kabla haijafika Rustad. Mwenye miguu anakata shambani. Ragna alipofika chini ya kilima, mahali walipopanua njia kwa ajili ya magari ya maziwa, na kuanza kuligeuza gari, mbele nyuma, mbele nyuma, jasho linamtoka, alimwona Torkel anakuja juu ya mashina ya mahindi, koti linapepea. Akakanyaga pedali ya katikati, ndiyo ya rivasi, akaikandamiza mpaka mwisho. Gari likatikisika, likaanza kupanda matako mbele.

Jamani, rivasi haina mbio. Inakwenda mwendo wa mtu anayefuata jeneza. Torkel akaifikia boneti, akaanza kupanda nayo, uso kwa uso na mkewe, yeye anapanda kwa mbele na mkewe kwa nyuma, kioo tu katikati. Ragna alitazama njia begani, akamtazama yeye, akatazama njia. Upande wa kulia lilikuwa korongo.

"Simamisha, Ragna!"

"Nikisimamisha litakurudia likukanyage. Unataka?"

"Utaunguza bendi za rivasi, gia itakufa!"

"Za kwako haziungui Ijumaa?"

Torkel alijikwaa, akashika boneti, boneti ikamchoma, akaiachia. "Sikiliza basi! Jumapili ile sikujua, naapa mbele za Mungu. Mhunzi alinieleza wiki ya pili."

Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililomkata Ragna maini. Wiki ya pili! Kofia ilikuwa bado mpya. "Wiki ya pili," alisema. "Na mimi ulipanga kuniambia lini?"

"Theluji ikiisha."

"Iliisha! Sasa inakuja nyingine!"

Mguu ulianza kumtetemeka juu ya pedali, maana ile pedali huiachii hata kidogo, ukiiachia umekwisha. Gurudumu la kulia lilikanyaga ukingo, mawe yakaporomoka korongoni, Torkel akapiga ukelele. Ragna alivuta usukani upande mwingine, akakumbuka kwamba nyuma kila kitu ni kinyume, akauvuta tena. Gari likarudi njiani.

"Kwa nini, Torkel?" Hakuuliza kwa kelele. "Niambie kwa nini tu. Nisikie."

Torkel alikuwa anahema kama ng'ombe wa kulimia. Labda alichoka kutunga. Labda aliona jibu lake ni jibu zuri. "Ungekuwa huko kila Jumapili!" alisema. "Ungechelewa, ungelala. Na ng'ombe nani angekamua?"

Ragna alidhani hakusikia vizuri. Alisikia vizuri sana.

"Mikono yako ina nini?"

"Mimi ni mwanamume, Ragna. Baba yangu hakushika chuchu ya ng'ombe mpaka anakufa."

Kuna hasira inayopiga makelele, na kuna nyingine inayokaa chini ikavuta kiti. Ragna alipanda mlima uliobaki akimtazama mumewe usoni, na mumewe, ambaye alishazoea kushangiliwa hapo, alianza kubaki nyuma kidogo kidogo, akawa wa ukubwa wa mtoto, akasimama na mikono magotini. Kileleni Ragna aligeuza gari, pua mbele, akaliacha likimbie.

Treni ilikuwa imeshasimama. Ragna aliliacha Lizi katikati ya njia, linatetemeka lenyewe, akakimbia kando ya mabehewa, hana koti, nywele zimefumuka, mpaka alipoona kofia anayoijua. Signe alimwona. Akageuza uso.

Ragna aligonga kioo kwa ngumi. "Signe! Fungua!" Edvart, mumewe Signe, ndiye aliyeinua kioo, halafu akajiondoa hapo kwa busara.

"Umekuja kuichukua?" Signe aliuliza. Sauti ilikuwa kavu. Pini ya fedha ilikuwa kifuani pake.

"Kuchukua nini? Signe, gari lilikuwa linapanda! Linapanda kinyumenyume! Kaniambia halipandi, mwaka mzima, mimi mjinga nikaamini!"

"Nani kakwambia?"

"Torkel! Torkel mwenyewe!"

Signe alimtazama, akatazama vumbi la mbao kwenye gauni la dada yake. "Torkel alikaa mezani kwangu," alisema. "Nikamwambia, mwambie dada aje aichukue pini ya mama, ni yake, nilikosea. Ijumaa iliyofuata akaja na jibu. Kwamba umesema hutaki kitu kilichoguswa na mikono yangu."

Ragna alitikisa kichwa, akashika ukingo wa dirisha kwa mikono miwili.

"Kwa hiyo hukukasirika," Signe alisema.

"Nimekasirika," alisema Ragna, na machozi yakamtoka kwa mkupuo. "Nimekasirika mpaka naona giza. Ila si na wewe, mdogo wangu. Wala sikuwahi kusema hivyo. Wala sikuwahi."

Filimbi ikalia. Signe akaanza kuhangaika na ile pini, akaichomoa, akainama dirishani mpaka tumbo likalalia ukingo, akaichomeka kwenye gauni la dada yake huku behewa limeshaanza kusogea. Sindano ikamchoma Ragna kifuani, naye hakujali. Alitembea na treni, akakimbia na treni, mkono wa Signe mkononi mwake, mpaka jukwaa la stesheni likaisha. Hawakupata hata nafasi ya kuulizana hali. Mwaka mzima wa Jumapili, na walichoambulia ni muda wa kuvalishana pini.

Alirudi polepole. Kilima cha Rustad alikishuka mbele mbele kama watu wengine wote; kushuka hakuna aliyekatazwa. Torkel hakuwa njiani.

Alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha zizi, na ndani ng'ombe walikuwa wanalia, viwele vimewajaa mpaka maziwa yanadondoka yenyewe kwenye majani. Jua lilikuwa linakaribia kuzama. Ragna alizima gari akashuka.

"Umefika salama," Torkel alisema. Alikuwa ameosha uso, amechana masharubu. "Nilikuwa na wasiwasi. Haya, wanakungoja, wanaumia maskini."

Ragna alimsogelea, na visahani vya pini vikalia kifuani pake. Torkel aliinua macho, akaiona. Akasogea kumpisha.

Ragna aliingia zizini, akatoka na ndoo na kigoda cha miguu mitatu, akaviweka mbele yake.

"Ragna, mimi sijui..."

"Ulisema hata gari hili halijui kupanda."

"Majirani wakiniona?"

"Watakupa jina jingine."

Torkel aliishika ndoo kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa jirani. "Leo tu," alisema. "Kwa sababu umechoka. Lakini kesho..."

"Kesho Jumapili. Mimi nitakuwa na gari."

"Kwenda wapi?" Na hapa, kwa ujinga wa mtu asiyejua mahali pa kunyamaza, akasema: "Signe si ameshaondoka?"

Ragna alikwenda ghalani. Alirudi anakiburuta kile kiti cha nyuma, mabaki ya mayai na manyoya yamekiganda, akakipandisha garini peke yake, akakipigia ngumi mpaka kikakaa mahali pake. Kisha akageuka.

"Nilitoa kinanda cha baba yangu nipate Jumapili," alisema. "Zote umezila wewe. Sasa nitazifuata, moja moja, hata kama huko ninakokwenda hakuna mtu."

Akakaa juu ya kile kiti, akakunja mikono, akamtazama.

"Kamua."